Juu ya Mwanzo wa Uzima: Maneno ya Wenye Shimi na Majibu Yetu

Kijana wa Bunyakiri anayemaliza masomo ya sekondari anabeba mafundisho mawili kichwani. La kwanza amelipata katika daftari lake la biolojia: uzima wa kwanza ulitokea katika maji, kwa kuchanganyika kwa gazi na chumvi na nguvu ya radi, zamani sana kabla ya mtu. La pili amelipata katika katekismu: Mungu ni Muumba wa mbingu na dunia, na wa vyote vyenye uzima. Dominika, kisha Misa, anamwuliza katekista: «Mwalimu, nishike lipi?»

Mara nyingi anapata moja la majibu mawili. La kwanza: «Acha hayo, ni elimu ya wasiosadiki.» La pili ni la werevu zaidi: «Wenye elimu wameshindwa kufanya hata mdudu mmoja katika chupa zao, basi umeona kama Mungu yuko.» Jibu la kwanza linamfukuza kijana. La pili linampendeza leo na kumwangusha kesho, nasi tutaonyesha sababu yake. Lakini haifai kuhukumu watu kabla ya kuwasikia. Tusikie kwanza wenye shimi wasema nini, tupime maneno yao kwa haki, kisha tupime na majibu yetu wenyewe.

I. Ugomvi wa mapadri wawili

Wengine wafikiri kama neno hili lilianzishwa na maadui wa dini. Sivyo. Watu wa zamani, wasomi na wasiosoma, walisadiki kama wadudu wadogo huzaliwa na vitu vyenye kuoza. Ukiacha nyama juani, funza watokea. Ukiacha maji ya ndizi katika mtungi, yaanza kuchemka pasipo moto na kuwa kasiksi. Nani ameweka uzima mle? Aristoteli alijibu: vitu vyenyewe. Mtakatifu Toma wa Akwino alikubali vivyo hivyo kwa viumbe vidogo: vyaweza kutoka katika uozo kwa nguvu za jua na nyota. Kwa ajili ya neno hilo hakufikiri hata kidogo kama anamnyang'anya Mungu kazi yake. Alifundisha kama Mungu ni chanzo cha kwanza, na vitu vyapata kwake nguvu ya kutenda kweli kadiri ya asili yao.

Mwaka 1668 Francesco Redi, mganga wa Italia, alifunika nyama kwa kitambaa, nayo haikupata funza, kwani nzi hawakuweza kutaga mayai juu yake. Lakini je, viumbe vile visivyoonekana kwa macho? Hapo waligombana mapadri wawili. Padri John Needham, Mwingereza, alipasha moto mchuzi, akaufunga, akaona unajaa viumbe. Akasema vimezaliwa na mchuzi wenyewe. Padri Lazzaro Spallanzani, Mwitalia, alichemsha mchuzi wake muda mrefu zaidi, akaziba chupa kabisa, asione kitu. Needham akajibu: umeua nguvu ya uzima kwa moto wako. Ugomvi ukaendelea mpaka wakati wa Louis Pasteur. Kati ya mwaka 1859 na 1862 Pasteur alitumia chupa zenye shingo ndefu iliyopindika: hewa yapita, vumbi lenye mikrobe lanaswa njiani. Mchuzi ukakaa safi. Hivyo ikajulikana kama mchuzi huoza na pombe huchemka kwa kazi ya mikrobe, na mikrobe huzaliwa na mikrobe.

Tukumbuke mambo mawili. Kwanza, Needham na Spallanzani walikuwa wa imani moja na daraja moja, wakapingana. Basi neno lenyewe halikuwa sharti la imani. Pili, Pasteur alionyesha kama uzima hautokei leo katika mchuzi uliochemshwa. Hakuonyesha kama haukuweza kutokea mara ya kwanza, dunia ilipokuwa ingali changa. Mhubiri anayemtaja Pasteur ili awanyamazishe wenye shimi wa leo anamfanya aseme neno ambalo majaribio yake hayakuligusa.

II. Chupa ya Chicago

Mwaka 1924 Mrusi Aleksandr Oparin aliandika kama dunia ya kwanza haikuwa na oksijeni hewani, na kama gazi zake, kwa nguvu ya jua na radi, ziliweza kufanya vitu ambavyo ndani yake uzima ulitengenezwa polepole. Mwaka 1929 Mwingereza J. B. S. Haldane akasema karibu vivyo hivyo: bahari ya kwanza ilikuwa kama mchuzi mwembamba wenye moto. Wote wawili walifuata mafundisho ya Marx, ndiyo sababu Wakristu wengi walikataa maneno yao bila kuyasoma. Hilo si pimo zuri. Hesabu ya asiyesadiki, kama ni sawa, ni sawa.

Katika mwaka 1953 kijana Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika chuo kikuu cha Chicago, aliwajaribu. Alifanya chombo cha kioo: chini maji yanayochemka, mfano wa bahari, juu metani, amoniaki na hidrojeni, mfano wa hewa, katikati cheche za umeme, mfano wa radi. Kisha juma moja maji yaligeuka rangi, na ndani yake mlikuwa na asidi-amino, ndivyo vitu vidogo vinavyounganishwa kufanya protini za mwili wa kila kiumbe. Miller alikufa mwaka 2007. Mwaka uliofuata wanafunzi wake wa zamani walipima tena vichupa vyake vya miaka ile kwa vyombo vya sasa, wakapata asidi-amino zaidi ya 20.

Tena, si katika chupa tu. Jiwe lililoanguka kutoka mbinguni karibu na Murchison, kule Australia, mwaka 1969, lilikuwa na asidi-amino nyingi ndani yake. Na vumbi la Bennu, jiwe linalozunguka jua, lililoletwa duniani na chombo cha Wamarekani mwaka 2023, lilionekana kuwa na asidi-amino 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe huzitumia kufanya protini. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2025. Basi neno hili limekwisha kuthibitika: vitu vya kwanza ambavyo mwili hujengwa navyo hutokea vyenyewe, hata mahali pasipo uzima. Mkristu asilikane. Angelikana lililo wazi kwa macho.

Lakini tofali si nyumba. Wenye shimi wenyewe wanaona magumu matatu, na ni haki tuyaseme pamoja nao. Gumu la kwanza: wengi siku hizi wafikiri kama hewa ya kwanza ilikuwa zaidi ya gazi ya karboni na azoti, sivyo kama ile ya chupa ya Miller, na katika hewa kama hiyo mavuno yapungua sana. La pili: protini hufanyika kwa kuunganisha asidi-amino na kutoa maji katikati yake, lakini ukiwa ndani ya bahari, maji yenyewe hukata kile ulichounganisha. La tatu ni la mkono wa kuume na mkono wa kushoto. Mikono yako ni sawa, lakini kiatu cha mguu mmoja hakiingii mguu wa pili. Vivyo hivyo karibu kila asidi-amino yaweza kuwa ya kushoto au ya kuume. Viumbe vyote hujenga protini zao kwa zile za kushoto. Chupa ya Miller yafanya zote mbili sawasawa, na katika vumbi la Bennu mna zote mbili karibu sawa. Nani alichagua? Njia nyingi zimefikiriwa, lakini wenyewe hawajapatana.

III. Maji moto ya kwetu

Kwa sababu ya magumu hayo wengine wameacha bahari wazi, wakatafuta penye maji moto yatokayo ndani ya ardhi. Mwaka 1977 mabaharia wenye elimu waliona chini ya bahari, karibu na visiwa vya Galápagos, chemchemi za moto zenye viumbe wengi wasiohitaji jua. Mwaka 2000 zikaonekana nyingine katika Atlantika, zenye minara ya mawe meupe. Mjerumani Günter Wächtershäuser alifundisha kama uzima ulianza juu ya mawe ya chuma na kiberiti. Mwingereza Michael Russell, kama ulianza katika vitundu vidogo vya minara ile, ambamo maji ya namna mbili yakutana na kufanya nguvu kidogo kidogo, kama pili ya radio.

Sisi wa Kivu tusisome neno hili kama habari ya mbali. Ardhi yetu inapasuka polepole tangu Ziwa Albert mpaka Tanganyika, na moto wake unatoka. Karibu na Katana, ng'ambo ya milima ya Kahuzi ukitoka Bunyakiri, kuna maji moto. Si mbali na pale ni Lwiro, kituo cha IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, ambacho leo chaitwa CRSN. Katika Tanganyika ya kaskazini, upande wa Kongo, pale Pemba na pale rasi ya Banza, wapiga mbizi wa elimu waliona chini ya ziwa chemchemi zenye moto hata kupita digri 100, na penye Banza minara midogo ya chokaa. Na Ziwa Kivu lenyewe, lenye kina cha metre 485, katika maji yake ya chini hayana oksijeni. Mmelala gazi ya karboni karibu kilometre 300 za ujazo, na metani karibu 60. Gazi hiyo ya karboni ni ndugu ya mazuku, ile inayotoka ardhini penye volkano na kuua watu na mbuzi mabondeni, kule Goma na Sake.

Mtu akisoma haraka atasema: «Maji moto, metani, pasipo oksijeni: hii hapa chupa ya Miller!» Angoje kidogo. Katika chupa ya Miller metani ilitiwa kwanza, uzima ukatafutwa nyuma. Katika Ziwa Kivu metani kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikrobe: viumbe visivyoonekana, vinavyokula mabaki ya majani na wanyama, au vinavyounganisha gazi ya karboni na hidrojeni. Hapa metani haitangulii uzima. Imetoka katika uzima. Ziwa letu halituonyeshi uzima ukianza. Latuonyesha uzima ulio hodari kukaa mahali ambapo sisi tungekufa mara moja.

Hata hivyo si bure. Mikrobe ile yaishi pasipo jua wala hewa, kwa gazi tu zinazotoka katika mawe na maji, na wengi wafikiri kama viumbe vya kwanza viliishi karibu na namna hiyo. Lakini hapa pana mpaka ambao Darwin mwenyewe aliuona mwaka 1871, katika barua kwa rafiki yake: kama leo kitu cha uzima kingeanza katika kidimbwi cha moto, mara moja kingeliwa na viumbe vilivyokwisha kuwako. Kila chemchemi ya leo, ya Katana au ya Banza, ina wenyeji wake tayari. Kwa hiyo shahidi wa siku ile ya kwanza hatumpati kwa kuchota maji. Wenye elimu wanamtafuta kwa kufikiri na kujaribu, na ushahidi wa namna hiyo wapimwa kwa saburi.

IV. Kuku na yai

Gumu kubwa kuliko yote ni hili. Katika kila kiumbe ADN hushika maandiko ya kazi, na protini hufanya kazi. ADN hainakiliwi pasipo protini. Protini hazitengenezwi pasipo maandiko ya ADN. Kipi kilitangulia, kuku au yai?

Mwaka 1982 Thomas Cech, kisha Sidney Altman mwaka 1983, walionyesha kama ARN, ndugu wa ADN, yaweza kushika maandiko na tena kufanya kazi. Wakapewa Nobel mwaka 1989. Tangu mwaka 1986, Walter Gilbert alipoipa jina, watu wengi wanasema juu ya «dunia ya ARN», wakati ambapo ARN ilikuwa kuku na yai pamoja. Nao wana shahidi mzuri: katika kila kiumbe, toka mikrobe mpaka mtu, kiini cha kile chombo kinachounganisha protini ni ARN, si protini. Ni kama jiwe la msingi la nyumba ya zamani lililobaki chini ya nyumba mpya. Mwaka 2009 John Sutherland na wenzake, kule Uingereza, walifanya vipande vya ARN kwa njia ambayo watu walidhani haiwezekani.

Tusifu kazi hiyo, na tuseme pia mpaka wake. Vitu vinavyotumiwa ni safi, vimenunuliwa katika chupa. Mtu mwenye akili anangoja dakika inayofaa, anaondoa kile, anatia hiki, anasimamisha moto. Kidimbwi cha zamani hakikuwa na mtumishi wa labo. Na ARN yenyewe huvunjika upesi katika maji. Hilo halionyeshi kama njia haiko. Laonyesha kama njia yote haijapatikana: kati ya kipande cha ARN na mikrobe moja inayojilisha na kuzaa mfano wake, bado pana safari.

V. Monod na de Duve

Mpaka hapa ni shimi. Sasa tuangalie pale ambapo shimi inaachwa na jina lake linabaki. Mwaka 1970 Jacques Monod, Mfaransa mwenye Nobel ya mwaka 1965, alitoa kitabu kiitwacho Le hasard et la nécessité. Aliandika kama uzima ulitokea kwa bahati tu, kama bahati nasibu iliyoangukia dunia yetu, na kwa hiyo mtu yuko peke yake katika ulimwengu usiomjali. Vijana wengi waliosoma Kifaransa, kwetu pia, walipokea maneno hayo kama hukumu ya sayansi yenyewe.

Lakini Christian de Duve, Mbelgiji, profesere wa Louvain, mwenye Nobel ya mwaka 1974, alijua shimi ya chembe za mwili si chini ya Monod. Yeye, katika vitabu vyake vya miaka ya 1990, alifundisha kinyume: uzima si bahati, kadiri ya sheria za shimi, penye mambo yanayofaa, uzima hauna budi kutokea. Ulimwengu ulikuwa na mimba yake tangu mwanzo.

Tupime sasa. Wenye elimu wawili, Nobel mbili, shimi moja: mmoja asema bahati, mwingine asema sheria. Kama shimi peke yake ingetosha kutoa hukumu hiyo, wasingeachana. Basi neno la Monod juu ya mtu aliye peke yake halikutoka katika labo. Ni filozofia, na yapasa kujibiwa kwa filozofia. Lakini tuwe wa haki pande zote. De Duve naye hatupi Mungu katika chupa, wala hakutaka. Padri anayemnyakua de Duve na kusema «tazameni, sayansi imemthibitisha Muumba» anafanya kosa lile lile la Monod, akielekea upande mwingine.

Tunao mfano bora. Padri Georges Lemaître wa Louvain ndiye aliyefundisha, mwaka 1931, kama ulimwengu ulianza katika chembe moja ya kwanza. Watu walitaka kuifanya iwe uthibitisho wa kitabu cha Mwanzo. Yeye alikataa: nadharia yake, alisema, iko nje ya maneno ya dini. Asubuhi alisoma Misa, mchana alifanya hesabu, na hakutumia moja kuziba tundu la jingine.

VI. Kosa la jibu la pili

Sasa turudi kwa yule asemaye: «Wameshindwa kufanya mdudu, basi Mungu yuko.» Kosa lake ni hili: amemjengea Mungu kibanda katika tundu la elimu ya watu. Kabla ya mwaka 1953 angalisema: «Wameshindwa kufanya asidi-amino.» Kabla ya 2009: «Wameshindwa kufanya vipande vya ARN.» Kila mwaka tundu lapungua, na Mungu wake anahama kama mtu anayefukuzwa shambani. Siku moja labda labo itafanya chembe yenye uzima. Siku ile kijana wa Bunyakiri atakumbuka maneno ya katekista wake, atasema: «Basi Mungu hayuko.» Na nani alimfundisha kufikiri hivyo? Si Oparin.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika, alionya neno hili zamani. Katika kitabu chake juu ya maneno ya Mwanzo alisema ni aibu kubwa Mkristu akinena upuzi juu ya mambo ya dunia mbele ya wanaoyajua. Watadharau na Maandiko pamoja naye. Ndiye pia aliyefundisha kama Mungu alitia katika viumbe tangu mwanzo kama mbegu zilizofichika, zitokee kwa wakati wake. Na Maandiko yenyewe, katika sura ya kwanza ya Mwanzo, hayasemi kama Mungu alishika kila jani kwa mkono; yasema aliamuru nchi itoe majani, na nchi ikatoa. Nchi inatenda, na agizo ni la Mungu.

Eklezya imetuwekea mpaka ulio wazi. Papa Pio XII, katika ensiklika Humani generis ya mwaka 1950, aliwaruhusu wenye elimu kuchungua kama mwili wa mtu umetoka katika kitu chenye uzima kilichotangulia. Lakini roho, alisema, yaumbwa na Mungu mwenyewe. Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1965, ulikubali kama vitu vya dunia vina sheria zao ambazo mtu azichungue kwa njia yake. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1996, aliwaambia wenye elimu wa Akademi ya Vatikano kama mafundisho ya mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Ikiwa mwili wa mtu waweza kuchunguliwa hivyo, si zaidi mikrobe ya kwanza?

VII. Katekista ajibu nini?

Ajibu kwa maneno machache, asitie kiburi wala hofu.

Kwanza: «Mwanangu, soma shimi yako vizuri, hata upate nambari nzuri. Wenye elimu wanatafuta namna gani uzima ulitokea. Wamepata mengi, hawajapata yote.»

Pili: «Katekismu haishindani nao juu ya namna. Inasema sababu gani kuna kitu, wala si utupu. Na sababu gani vitu vina sheria ambazo labo yaweza kuzifuata. Hata kama njia yote itajulikana, toka gazi mpaka mikrobe, swali hilo litabaki, kwani kila chupa yahitaji kwanza kitu cha kutia ndani.»

Tatu: «Mtu akikuambia kama sayansi imeonyesha kwamba wewe ni bahati tu, mwulize: ni jaribio gani lililoonyesha hilo, na mwaka gani? Na mtu akikuambia kama sayansi imemwonyesha Mungu kwa macho, mwulize vivyo hivyo.»

Ili aweze kusema hayo, katekista ahitaji kusaidiwa. Mara nyingi tunampa kitabu cha sala na picha, tunamwacha peke yake mbele ya wanafunzi wanaojua mambo asiyoyajua. Mapadri wa parokia wangeweza kumwita mwalimu wa biolojia, walau mara moja kwa mwaka, aeleze mbele ya makatekista yale anayofundisha shuleni, na mwalimu naye asikie katekista anasema nini kanisani. Kule Bunyakiri shule na kanisa si mbali. Mara nyingi ni watoto wale wale wanaotoka hapa na kuingia pale. Waseminari watakaotumwa huko waanze kujitayarisha tangu sasa, katika masomo ya filozofia, kwani swali lile watalikuta likiwangoja mlangoni Dominika ya kwanza.